Majibu Yalikuwa ya Kheiria

Kheiria binti Salum alifika Matrah, pwani ya Omani, katikati ya mwaka 1964, mkono mmoja ameshika kibegi cha nguo na wa pili ameshika mdogo wake, Majid. Majid alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, keshampita dada yake kwa kimo, na watu waliokuwa forodhani walimtazama wakacheka. Lakini Kheiria alimkamata tangu bandarini Unguja na hakuthubutu kumwachia. Mumewe, Harub, alitolewa nyumbani siku za Mapinduzi, Januari ya mwaka ule, asubuhi, hajamaliza chai yake, na hakurudi tena. Mama yao hakustahimili. Alifariki kabla ya Ramadhani kwisha. Waliobakia ni hao wawili tu.

Shangazi yao, Bi Masouda, aliyerejea Omani zamani na kufiliwa na mume huko huko, ndiye aliyewapokea. Aliwapa chumba cha nyuma katika nyumba yake ya udongo, karibu na soko, na siku ya kwanza tu akamweleza Kheiria mambo yalivyo.

"Hapa si Unguja, mwanangu. Mwanamke hapa hatoki kwenda kazini. Skuli za wasichana hamna, ofisi za wanawake hamna. Jikoni pana nafasi, na mimi nimechoka."

Kheiria alikwenda jikoni. Lakini vidole vyake vilikuwa na mazoea mengine. Kwa miaka mitatu alikuwa mpiga taipu kule Tunguu, nje ya mji wa Unguja, katika kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya angani. Alikuwa mwanamke pekee wa Kiarabu pale, na watu walisema waliyoyasema, lakini Harub alikuwa mtu asiyejali maneno. Jioni za Jumamosi Wamarekani wale walikuwa wakicheza besiboli katika uwanja walioufyeka wenyewe, na kwa kuwa Kheiria alikuwa na hati nzuri, walimtia kwenye kiti kivulini aandike pointi.

Hakuuelewa mchezo wenyewe mara moja. Mmoja anarusha mpira, mwenzake amesimama na gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuvizunguka vituo vinne, akikosa mara tatu anatoka. Hayo aliyashika upesi. Kilichomvuta zaidi ni mhandisi mmoja mtu mzima, Bwana Whitaker, ambaye wakati wa chai alikuwa akimtega kwa maswali ya rekodi za mchezo huo, magumu ambayo hata Wamarekani wenzake walikuwa wakiyakwepa. Kheiria akikosa, Bwana Whitaker humsimulia kisa kizima, na Kheiria hakusahau kisa. Baada ya mwaka mmoja hakuwa akikosa tena.

Liko swali moja alilolipenda kuliko yote. Nani aliyerusha vizuri kuliko warushaji wote, na bado akashindwa? Harvey Haddix, wa Pittsburgh, mwaka 1959. Mechi ya kawaida ina zamu tisa. Haddix alirusha zamu kumi na mbili, wapigaji thelathini na sita walimsimamia mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Lakini wenzake nao hawakumpatia pointi hata moja, na katika zamu ya kumi na tatu akafungwa, moja bila. Kheiria alipolisikia mara ya kwanza alimwuliza Bwana Whitaker, "Wenzake walimwambia nini baada ya mechi?" Bwana Whitaker akasema hajui, na kwamba hajapata kuulizwa hivyo.

Basi hayo ndiyo aliyotoka nayo Unguja. Dhahabu zilichukuliwa, nyumba ilichukuliwa, kichwa hawakukipekua.

Majid hakupata kazi ya maana kwa muda mrefu. Alibeba magunia kwa Mbaniani mmoja sokoni, akapiga pasi nguo, akakaa bure. Kiingereza alikuwa nacho cha skuli. Mwaka 1966, kazi ya kutandaza bomba la mafuta kutoka jangwani hadi pwani ilipopamba moto, kampuni moja ya Kimarekani iliyopewa kandarasi ikatafuta wakalimani, na Majid akachukuliwa. Kheiria alisujudu kwa furaha. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusoma, alimshonea kanzu ya kazi, na asubuhi ya kwanza alimsomea dua mlangoni kama mama.

Haikupita muda, Majid alirudi siku moja akicheka.

"Da Kheiria, wale watu wazimu. Wamekaa jangwani na joto lote lile, wanagombania mpira wa gongo. Bosi wetu, Mista Colby, kawauliza swali leo, watu wazima wanne wameshindwa."

"Kauliza nini?"

"Eti kuna mrushaji aliingizwa akitokea benchi, mtu mmoja keshafika kituo cha kwanza, na baada ya hapo hakuna mpigaji aliyefika tena. Nani huyo?"

Kheiria alikuwa anachagua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Ernie Shore. Elfu moja mia tisa na kumi na saba. Aliyeanza kurusha alikuwa Babe Ruth. Alimruzuku mpigaji wa kwanza kituo cha bure, akagombana na refa mpaka akampiga, akatolewa uwanjani. Shore akaingia. Yule aliyekuwa kituo cha kwanza alitaka kuiba cha pili, akakamatwa. Waliobaki ishirini na sita wakatoka wote."

Majid alivuta kigoda akakaa. "Hebu sema tena, polepole."

Alisema tena. Kesho yake Majid alirudi kwa gari ya kampuni, ameketi mbele karibu na dereva, na mkononi ana kopo la siagi na makopo mawili ya matunda. Mista Colby alikuwa amempigia makofi mbele ya watu wote. Amemwita mwanawe. Amemwuliza wapi alikojifunza, na Majid akajibu, "Unguja."

"Hukumwambia mimi?" Kheiria aliuliza.

"Ntamwambia. Acha kwanza wanizoee. Wakishanizoea ntawaambia nna dada anajua taipu kuliko hao makarani wao wote. Nakuapia."

Kheiria aliamini. Alikuwa na sababu gani ya kutoamini? Tangu siku hiyo ikawa kila Majid akirudi ana swali. Dada yumo jikoni anakaanga, au yuko uani anaanika nguo, na mdogo wake amesimama pembeni anarudiarudia majina kama mtoto wa chuoni. Nani alirusha mechi mbili mfululizo bila mtu kuupiga mpira wake sawasawa? Johnny Vander Meer, mwaka 1938. Nani aliwatoa watu watatu peke yake kwa mpira mmoja katika fainali? Hilo lilimpa Majid tabu, kwa sababu mtu mwenyewe aliitwa Wambsganss, na ulimi wa Majid ulikuwa ukikwama katikati.

"Wam-b'-s'-gans," Kheiria alikuwa akimsomesha huku kashika mwiko. "Usizimeze hizo herufi za katikati."

"Jina gani hili! Mamake alikuwa na chuki naye?"

Walicheka mpaka Bi Masouda akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kwa kweli siku hizo zilikuwa nzuri. Kheiria alizikumbuka baadaye, na ndizo zilizomtia uchungu zaidi kuliko siku mbaya.

Majid alipandishwa. Akawa anakwenda na Mista Colby kila pahala, akikaribishwa kwenye meza ya Wamarekani, na wageni wakija anaitwa ajibu maswali. Alinunua redio ndogo ya betri, akaileta nyumbani imefungwa ndani ya kilemba, kwani siku zile mtu hakutangaza kuwa ana kitu kama hicho. "Yako hii, da Kheiria. Sikiliza habari za Marekani, mambo mapya yasitupite." Kila asubuhi, baada ya kazi za alfajiri, Kheiria aliinamia redio ile na kutafuta sauti katikati ya mikwaruzo. Oktoba ile alisikia timu ya Los Angeles ikifungwa fainali huku zamu thelathini na tatu mfululizo haikupata hata pointi moja, jambo ambalo halijapata kutokea, na jioni Majid alilikuta tayari.

Kuhusu kazi ya taipu, kila akiuliza aliambiwa bado. Bosi ana shughuli. Bosi yuko jangwani. Bosi amekwenda Bahreini. Mwaka ukapita. Mara moja Majid alimjibu kwa ukali kidogo: "Da Kheiria, nikisema sasa kwamba ni weye, ntaonekana mwongo. Watanicheka kwamba nnafundishwa na mwanamke jikoni."

"Lakini unafundishwa na mwanamke jikoni."

Majid alitoka bila kumaliza kahawa.

Mwanzoni mwa mwaka 1968 mke wa Mista Colby alikuja kumtembelea mumewe, na akataka kuona nyumba ya watu wa Matrah. Majid aliona fakhari kumleta. Aliazima zulia kwa jirani, akanunua halwa ya zafarani, na kabla hajakwenda kumchukua mgeni akasimama mlangoni mwa jiko.

"Leta kahawa, msalimie, lakini Kiingereza usiseme. Mwanamke huyu maneno mengi."

Kheiria alivaa kanzu yake nzuri na buibui jipya, akaleta kahawa. Misesi Colby alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, uso umemwiva kwa jua. Alisifu kahawa, alisifu madirisha, alimsifu Bi Masouda ambaye hakuelewa neno. Kisha akaanza kumsifu Majid. Mumewe haandiki habari nyingine siku hizi ila ya Majid. Kijana kutoka pembe ya dunia, hajapata kuiona Marekani, na kila kitu anakijua! Kumbukumbu ya ajabu.

Kheiria aliweka dele la kahawa chini. Akasema, kwa Kiingereza safi kile cha ofisini, "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Misesi Colby alimtazama Kheiria, akamtazama Majid.

Majid alicheka. Alicheka vizuri, kwa ulaini, kama mtu aliyezoea. "Dada yangu anapenda mzaha."

"Si mzaha," Kheiria alisema. "Nilifanya kazi na Wamarekani Unguja. Niulize. Niulize swali lolote la besiboli."

Misesi Colby naye akacheka, akampigapiga Kheiria mkononi kwa upole. "Mpenzi, mimi sijui hata moja. Huo ni wazimu wa mume wangu. Nikikuuliza, nitajuaje kama umepata?" Kisha akasema kwamba na yeye ana kaka, na kwamba dada wote duniani hudhani wao ndio waliowalea kaka zao. Akaomba halwa zaidi.

Kheiria alimkatia halwa. Mgeni alipoondoka aliingia chumbani akajifungia, na Bi Masouda alipobisha kumwuliza yule Mzungu kamwambia nini, alijibu kwamba kamwambia halwa nzuri.

Tangu siku ile Majid alikuja na swali, akapewa jibu, akaondoka. Kicheko hakikuwepo tena. Ungesema kwa nini asimnyime? Alitaka kumnyima. Lakini nyumba nzima ilikula kwa mshahara ule, Bi Masouda alikuwa mgonjwa wa pumu, na Kheiria hakuwa na njia nyingine ya kulisema jina lolote kati ya yale kwa sauti. Asingeyasema kwa Majid, angeyasema kwa nani?

Katikati ya mwaka ule Majid alioa. Mke aliitwa Nasriya, binti wa mfanyabiashara wa Maskati, mtoto mpole. Baba mkwe alikuwa mtu wa kupenda vitu, na siku moja Kheiria alirudi kutoka uani akakuta pale dirishani pake pamebaki mviringo msafi katikati ya vumbi.

"Redio nimempa mkwe," Majid alisema. "Aliiona, akaipenda. Ningekataaje? Ntakununulia nyengine."

"Ulisema yangu."

"Na nani aliyeilipia?"

Oktoba ikaja ikapita. Kheiria alijua kwamba mahali fulani duniani fainali inachezwa, na yeye hakusikia kitu.

Disemba Mista Colby aliwafanyia karamu wenzake waliotoka Bahreini, na kama ilivyo ada akamwita Majid mbele ya watu. Habari yenyewe Kheiria aliipata mchana wa kesho yake, Majid alipoingia jikoni uso umemvimba kwa hasira, kanzu haijabadilishwa tangu jana.

"Umeniaibisha!"

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Waliuliza nani aliyetoa wapigaji wengi kuliko wote kwa kuwakosesha mpira mara tatu, katika mechi moja ya fainali. Nikasema Koufax, kumi na tano, mwaka sitini na tatu. Nilisimama juu ya kiti, wamenipandisha juu ya kiti! Mgeni mmoja akaniuliza nilikuwa nimelala wapi. Gibson, wa St. Louis, kumi na saba, Oktoba hii hii. Watu walicheka mpaka wakalia. Mista Colby amekasirika, alikuwa amejigamba kwao kwamba sikosi."

Kheiria aliipua sufuria kwanza. Kumi na saba. Alijaribu kuifikiria ile mechi, mtu mmoja kasimama katikati ya uwanja na wapigaji kumi na saba wanarudi vichwa chini, na pamoja na yote aliona wivu kwamba mambo makubwa kama hayo yalitokea na hakuna aliyemwambia.

"Mie nilikwambia kumi na tano mwaka juzi," alisema. "Mwaka juzi ilikuwa kumi na tano."

"Ungenambia inaweza kubadilika!"

"Redio iko wapi, Majid?"

Majid akasema kitu ambacho Kheiria hakukisahau tena. "Ulifanya kusudi. Tangu siku ya yule mwanamke ulikuwa unanitafuta."

Bi Masouda aliyekuwa amelala barazani aliinuka kwa kiwiko, akahema, akasema, "Majid, mwombe dada yako radhi." Hakuomba.

Mista Colby hakumfukuza. Aliacha tu kumwita mezani. Mwaka uliofuata kampuni ilimaliza kazi yake, Wamarekani wakafunga mizigo, na wakalimani wote waliachishwa, Majid pamoja nao. Lakini Majid alishika lake: asingecheka mgeni yule, yeye angechukuliwa Bahreini. Alilisema kwa mkewe, akalisema kwa mkwe, na siku ambazo nyumbani hapakuwa na kitu alilisema mbele ya Kheiria, aliyekuwa akishona kofia tangu asubuhi ili jiko liwake. "Kuna watu wamenikatia riziki yangu kwa ulimi." Kheiria alipitisha uzi kwenye tundu la sindano.

Bi Masouda alifariki mwanzoni mwa 1970. Julai ya mwaka huo mambo yakageuka nchini. Sultani mpya alishika nchi, malango ya mji yakawa hayafungwi tena usiku, na watu wa Unguja waliotawanyika Kairo, Kuwaiti na Dubai wakaanza kurejea. Serikali mpya ilihitaji kila ajuaye kusoma. Majid alipata kazi katika ofisi moja ya Maskati, akapata meza, na baada ya wiki chache akapata na mtu wa kumletea chai.

Kheiria hakumwomba. Alijitanda, akaenda mwenyewe kwenye ofisi nyengine ambako alisikia wanataka wapiga taipu. Bwana aliyekuwepo, Aflah, alikuwa mtu wa makamo aliyetoka Kairo. Alimpa karatasi na mashine. Vidole vilikuwa vizito kwa mistari miwili ya mwanzo, kisha vikakumbuka, na Aflah akainuka kuja kumtazama.

"Mashaallah! Bibi, umejifunza wapi?" Halafu akauliza jina la baba, akakunja uso akifikiri. "Basi wewe ni dada yake Majid! Namjua. Rudi Jumamosi, nitazungumza naye, tuifanye kwa heshima."

Jumamosi Aflah hakumtazama machoni. Alisema nafasi imejaa. Ni Nasriya aliyemweleza ukweli, huku akinyonyesha, kwa sauti ya chini: Majid alimwambia Bwana Aflah kwamba dada yake hana afya nzuri, tangu mambo ya Unguja kichwa chake hakijatulia, huwadhania watu mambo.

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo, wifi. Mie nilikuwa nyuma ya pazia."

Kheiria alimshika mtoto wa Nasriya, akambembeleza mpaka akalala, akamrudisha kwa mamake. Siku ya pili alikwenda mahali pa tatu. Skuli ya wasichana ilikuwa inatayarishwa, na mkuu wake, Bi Aliya, alikuwa hajamaliza mwezi tangu kufika kutoka Kuwaiti, hamjui mtu na mtu hamjui. Alimsikiliza Kheiria akisoma Kiingereza, akamwandikisha ubaoni sentensi tatu, akaridhika.

"Una nani hapa mjini, bibi? Mume, baba, kaka, mtu wa kukusimamia?"

"Mume wangu na wazee wangu wamekufa," Kheiria alisema. "Sina ndugu."

Bi Aliya alimwonea huruma, akasema skuli yenyewe itamsimamia, na chumba kipo.

Mji ule ni mdogo. Neno lilimfikia Majid kabla ya wiki kwisha. Alikuja skuli wakati wasichana wametoka, akasimama kwenye mlango wa darasa, suti yake mpya imejaa vumbi la njiani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka hakuonekana kama mtu mwenye jibu.

"Wamenambia umesema huna ndugu."

"Nimesema."

"Da Kheiria. Mimi?"

Alikuwa anafuta ubao. Akaendelea mpaka pembeni, akaweka dasta, akapangusa chaki mikononi kwa upindo wa buibui. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Majid alisubiri. Alipoona hapati neno, alitoa salamu, akaondoka, na Kheiria aliitikia salamu kwa sababu ni wajibu kuiitikia.

Aliishi skuli pale miaka mingi, akafundisha wasichana wengi. Nasriya alikuwa akimletea watoto siku za Idi. Majid aliwasubiri garini.